Bunyoro: Nchi ya Bara na Njia Zake za Kufikia Bahari

Mali ya nchi isiyo na bahari huhesabiwa mara mbili. Huhesabiwa kwanza pale inapopatikana, yaani shambani, ziwani au chini ya ardhi. Kisha huhesabiwa tena pale inapouzwa. Baina ya hesabu hizo mbili pana njia, na kila kilomita ya njia hiyo hudai haki yake: mafuta ya lori, mshahara wa dereva, ushuru wa bandari, na hasara ya siku zinazopotea. Gunia la mahindi lililoko Hoima na gunia la mahindi lililoko Mombasa ni sawa kwa uzito, lakini si sawa kwa thamani. Kilichozidi ni safari.

Jambo hili linaihusu Uganda nzima, kwa kuwa kutoka Kampala hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000. Lakini ipo sehemu moja ya nchi yetu ambayo imelionja jambo hili kwa uchungu kuliko nyingine nyingi, na ambayo sasa imekuwa mahali pa kazi kubwa kupita zote zilizopata kufanywa nchini tangu uhuru. Sehemu hiyo ni Bunyoro. Ndugu wasikilizaji wengi wa jeshi na polisi wanaifahamu kwa miguu yao wenyewe. Askari polisi wengi wamepata mafunzo yao Kabalye, karibu na Masindi. Wanajeshi wengi wamepiga kambi Masindi, au wamelinda mialo ya Ziwa Albert. Hata hivyo, kukaa mahali ni jambo moja, na kuelewa mahali hapo pamejengekaje na panaishi kwa nini ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo tunalokusudia kulieleza leo.

Bunyoro iko magharibi ya nchi, na kwa utaratibu wa utawala ina wilaya nane, nazo ni Hoima, Masindi, Buliisa, Kiryandongo, Kikuube, Kibaale, Kagadi na Kakumiro, pamoja na mji wa Hoima uliopandishwa kuwa jiji mwaka 2020. Kaskazini na mashariki imezungukwa na Mto Nile, na kusini na mto Kafu umetiririka kwa karne nyingi kati yake na Buganda. Magharibi pana Ziwa Albert, na ng'ambo ya ziwa hilo inaonekana milima ya samawati ya Kongo.

Ziwa hilo Wanyoro huliita Mwitanzige, maana yake mwua nzige, kwa kuwa makundi ya nzige yaliyojaribu kulivuka yalichoka na kufia majini. Mwezi Machi 1864 Mwingereza Samuel Baker alilifikia akalipa jina la mume wa malkia wake. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 160 na upana kiasi cha kilomita 30. Limelala ndani ya Bonde la Ufa, mita 619 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Hoima iko juu zaidi ya mita 1,100. Kwa hiyo mtu anayetoka Hoima kwenda ziwani haendi mbali, lakini hushuka sana. Njiani hufika ukingoni mwa genge, ambapo nchi hukatika ghafula kana kwamba imepigwa panga, na chini yake huona uwanda mwembamba, ukavu wenye joto, kisha maji.

Genge hilo ndilo ufunguo wa kuelewa Bunyoro. Juu yake mvua ni nyingi na ardhi ina rutuba. Huko wakulima hupanda mahindi, maharage, ndizi, mihogo, chai na tumbaku. Huko ndiko uliko msitu wa Budongo, maarufu kwa mbao za mkangazi na kwa sokwe wake, na msitu wa Bugoma. Chini ya genge mvua ni haba. Huko watu huishi kwa uvuvi na ufugaji. Nchi hizo mbili zimetazamana tangu zamani, na kila moja imemhitaji mwenzake. Kilichozitenganisha si uadui bali ni mteremko.

Mfano mzuri ni kijiji cha Kibiro, kilichoko ukingoni mwa ziwa chini kabisa ya genge. Huko wanawake wametengeneza chumvi kwa zaidi ya miaka 700. Hutandaza udongo juu ya ardhi yenye unyevu wa chemchemi za moto, jua likauvuta ule unyevu wa chumvi, kisha huukwangua, huuchuja kwa maji na kuyachemsha hadi ibaki chumvi. Bustani hizo za chumvi humilikiwa na wanawake, na mama humrithisha binti yake. Lakini Kibiro hakuna shamba la maana. Chakula kilitoka juu ya genge, na chumvi ilipanda juu ya genge vichwani mwa watu ili kukinunua. Njia ile ya miguu ilipozibwa na vita au mvua, Kibiro kilikuwa na chumvi tele na njaa pamoja. Katika kijiji hicho kimoja mtu aweza kuyaona matatizo yote ya uchumi wa nchi ya bara.

Zamani Bunyoro ilikuwa kitovu cha biashara na nguvu. Chumvi, chuma na pembe za ndovu ziliingiza mali katika ufalme wa Bunyoro-Kitara. Omukama Kabalega, aliyetawala tangu karibu mwaka 1870, aliunda jeshi la kudumu lililoitwa Abarusura. Mwaka 1872 jeshi lake lilimfukuza Baker kutoka Masindi, alipokuwa amekuja kuitwaa nchi kwa jina la mtawala wa Misri. Waingereza walipoanza vita juu yake mwaka 1894, Kabalega alipigana nao kwa miaka mitano, hadi alipokamatwa pamoja na Kabaka Mwanga tarehe 9 Aprili 1899 katika nchi ya Lango, akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923 alifia njiani, huko Jinja, kabla ya kuiona nchi yake.

Vita hivyo viliifanya Bunyoro kuwa nchi iliyoshindwa, na nchi iliyoshindwa haikutangulizwa katika mipango ya wakoloni. Watu wengi walikufa kwa vita, njaa na maradhi. Sehemu ya ardhi yao ikapewa Buganda, na ni mwaka 1964 tu ambapo wananchi wa kaunti za Buyaga na Bugangaizi walipiga kura ya kurudi Bunyoro. Mashamba makubwa ya pamba na kahawa, viwanda na mashule vilitangulia kwingine.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, shabaha yake ilikuwa Ziwa Victoria. Ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1912 reli fupi ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali, na hapo ndipo Bunyoro ilipopata njia yake ya kwanza ya kisasa kuelekea baharini. Tuifuate njia hiyo, kwa maana ina mafundisho. Mzigo uliotoka Mombasa ulikwenda kwa gari moshi hadi Kisumu. Ukapakiwa melini hadi Jinja. Ukapakiwa garimoshini hadi Namasagali. Ukapakiwa melini tena kupita Mto Nile na Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Ukapakiwa katika malori kupitia mji wa Masindi na kuteremka genge hadi Butiaba. Na hapo ukapakiwa melini mara nyingine, kwenda Pakwach, Nimule mpakani mwa Sudan, au mwambao wa Kongo. Mara tano mzigo ulishushwa na kupakiwa upya. Kila mara palihitajika wapagazi, maghala, makarani na walinzi, na kila mara kitu fulani kilivunjika, kililowana au kiliibwa.

Hata hivyo njia hiyo ilileta uhai. Masindi ilijengwa hoteli mwaka 1923 kwa ajili ya wasafiri wake. Butiaba ilikuwa bandari yenye karakana, maghala na meli ya Robert Coryndon, iliyoundwa karibu mwaka 1930 na kusafiri ziwani kwa miaka thelathini hivi. Kijana wa Bunyoro aliyetaka kazi ya mshahara alijua pa kwenda.

Kisha mambo mawili yakatukia karibu kwa wakati mmoja. Kuanzia mwaka 1961 mvua kubwa ziliyajaza maziwa yetu yote. Ziwa Albert lilifurika likaifunika bandari ya Butiaba, na mwaka 1962 Robert Coryndon ikazama pale pale ilipokuwa ikitia nanga. Namasagali nako gati likaharibiwa na maji. Na wakati huo huo reli mpya kutoka Tororo ilikuwa ikisonga mbele kaskazini kupitia Soroti, Lira na Gulu, hadi ikafika Pakwach mwaka 1964. Reli hiyo ilikuwa na manufaa kwa kaskazini, lakini haikupita Bunyoro. Mzigo wa Nile Magharibi haukuhitaji tena kupita Butiaba. Serikali haikuona sababu ya kuijenga upya bandari ambayo njia imeiacha. Maghala yakabaki magofu, na Butiaba ikarudi kuwa mwalo wa wavuvi. Wala maji hayakusahau njia yake: mwaka 2020 yalipanda tena na kuwatoa wakazi wengi wa Butiaba na mialo mingine katika nyumba zao.

Mafundisho ya Butiaba ni mawili. La kwanza ni kwamba mji uliojengwa kwa ajili ya mzigo unaopita hufa siku mzigo unapopata njia nyingine. La pili ni kwamba anayechora njia ndiye anayeamua nani atapata na nani atakosa, hata kama hakukusudia hivyo. Tuyaweke moyoni mafundisho hayo tunapotazama habari za mafuta.

Kwamba Bunyoro ina mafuta si habari mpya. Wenyeji waliyajua matope meusi yanayochuruzika kando ya ziwa tangu zamani. Mwaka 1925 mtaalamu wa miamba wa serikali ya kikoloni, E. J. Wayland, aliyaandikia taarifa. Mwaka 1938 kisima cha kwanza, kiitwacho Waki, kilichimbwa karibu na Butiaba. Vita Kuu ya Pili ikaikatiza kazi hiyo, na kwa zaidi ya nusu karne hapakuwa na kazi kubwa. Ni mwaka 2006 ndipo mafuta ya kiasi cha kufaa biashara yalipothibitishwa. Wataalamu wamekadiria kwamba chini ya ardhi kuna mapipa kiasi cha bilioni 6.5, na kwamba katika hayo, yanayoweza kutolewa ni kiasi cha bilioni 1.4.

Kwa nini basi yalithibitishwa mwaka 2006 na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha ukatiwa sahihi tarehe 1 Februari 2022, yaani zaidi ya miaka 15 baadaye? Yalikuwapo mabishano ya kodi, na bei ya mafuta duniani ilianguka mwaka 2014. Lakini nyuma ya hayo yote lilikuwapo swali lile lile la zamani: yatafikaje baharini?

Mafuta ya Bunyoro yana nta nyingi. Katika joto la kawaida hugandamana mfano wa samli iliyopoa. Hayawezi kusukumwa katika bomba la kawaida. Sharti bomba lipashwe moto njia nzima, mchana na usiku, joto lisipungue nyuzi 50. Mwaka 2016 Uganda ilichagua njia ya Tanzania badala ya ile ya Kenya. Bomba hilo huanzia Kabaale, wilayani Hoima, na kwenda hadi Chongoleani, karibu na Tanga, umbali wa kilomita 1,443. Katika hizo, kilomita 296 tu zimo Uganda. Zilizobaki zote zimo Tanzania. Kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies ina asilimia 62 ya bomba, mashirika ya mafuta ya serikali za Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja, na kampuni ya China ya CNOOC ina asilimia 8.

Visima vyenyewe vimo katika maeneo mawili. La kwanza ni Tilenga, katika wilaya za Buliisa na Nwoya, ambako mpango ni kuchimba visima zaidi ya 400, vingine vikiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison. La pili ni Kingfisher, wilayani Kikuube, chini ya genge, ambako visima 31 vimekusudiwa kuchimbwa kwa kulala upande kutoka ufukweni hadi chini ya ziwa. Kazi ya kuchimba Kingfisher ilizinduliwa mwezi Januari 2023. Mpango ni kwamba maeneo hayo yakifikia kilele yatatoa mapipa 230,000 kwa siku, na kwamba sehemu yake isafishwe papo hapo Kabaale katika kiwanda chenye uwezo wa mapipa 60,000.

Ili tuelewe vema maana ya haya, inafaa tutazame jimbo moja la China ambalo hali yake inafanana na hii kwa namna ya kushangaza. Jimbo hilo ni Heilongjiang, kaskazini mashariki kabisa ya China. Kwa ukubwa linakaribia kuwa mara mbili ya Uganda. Halina pwani hata ya hatua moja; upande wa kaskazini mto Amur hulitenga na Urusi. Kama Uganda, lilifunguliwa kwa biashara ya dunia na reli iliyojengwa na wageni kwa manufaa yao, tena karibu katika miaka ile ile: Warusi walianza reli yao mwaka 1897 na kuifungua mwaka 1903, na mji wa Harbin ukazaliwa kutokana nayo kama Nairobi ilivyozaliwa kutokana na reli ya Uganda.

Mwezi Septemba 1959 mafuta yaligunduliwa katika tambarare za jimbo hilo, mahali palipopewa jina la Daqing. Mwaka uliofuata askari kiasi cha 30,000 waliokuwa wamemaliza utumishi wao wa jeshi walipelekwa huko kufanya kazi, katika baridi inayoshuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Na mafuta ya Daqing, kama ya Bunyoro, yana nta nyingi na hugandamana upesi. Kwa miaka kumi yalisafirishwa kwa reli, na reli ikalemewa. Mwezi Agosti 1970 lilianzwa bomba la kwanza kubwa la kwenda Fushun, na katika miaka iliyofuata mabomba yakafika katika bandari za Qinhuangdao na Dalian, yakiwa na vituo vya kupashia mafuta moto njiani. Kuanzia mwaka 1976 hadi 2002 Daqing ilitoa tani zaidi ya milioni 50 kila mwaka, bila kukosa.

Lakini habari haiishii hapo. Baada ya mwaka 2002 visima vilianza kuzeeka, na mazao yakapungua. Viwanda vilivyotegemea mafuta hayo vikapunguza watu. Vijana wakaondoka kwenda miji ya pwani. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba Heilongjiang ina watu milioni 38. Ile ya mwaka 2020 ikaonyesha milioni 31 na ushei. Hilo ni jimbo lililokuwa na bomba, reli, viwanda, vyuo vikuu na serikali yenye nguvu. Ikiwa jimbo kama hilo laweza kupungukiwa na watu mafuta yanapopungua, sisi tunapaswa kuuliza mapema: Bunyoro itabakiwa na nini?

Tufanye hesabu nyepesi. Mapipa bilioni 1.4 yakitolewa kwa kiwango cha mapipa 230,000 kila siku huisha katika miaka 17 hivi. Kwa kweli kiwango hupungua polepole kadiri visima vinavyozeeka, kwa hiyo miaka itazidi hapo. Lakini ukweli haubadiliki. Kijana anayehitimu Kabalye leo, akijaliwa kuutumikia muda wake wote, atastaafu wakati ambapo sehemu kubwa ya mafuta hayo imekwisha kupita. Mali hii si ya vizazi vingi. Ni ya kizazi kimoja cha utumishi.

Kitakachobaki ni kile kilichojengwa wakati mafuta yanapita. Na hapa pana mambo ya kutia moyo. Barabara za lami, zenye urefu wa mamia ya kilomita, zimejengwa kwa ajili ya mafuta, miongoni mwao ile ya Hoima hadi Butiaba na Wanseko, na ile ya Hoima hadi Kaiso na Tonya inayoteremka genge. Hizi si barabara za mafuta peke yake. Mvuvi wa Kaiso aliyekuwa akikausha samaki wake wote kwa chumvi, kwa kuwa hawakuweza kufika Hoima wakiwa wabichi, sasa anaweza kuwauza siku hiyo hiyo. Mwanamke wa Butiaba mwenye uchungu wa kuzaa anafikishwa hospitali kwa saa moja au mbili. Kiwanja cha ndege cha Kabalega, chenye njia ya kurukia ya kilomita tatu na nusu, kimejengwa Hoima ili kupokea mitambo mizito. Kikitumiwa vizuri kitapeleka nje mazao na kuleta watalii. Huko Karuma, wilayani Kiryandongo, bwawa la umeme la megawati 600 lililojengwa na kampuni ya Sinohydro ya China kuanzia mwaka 2013 lilizinduliwa rasmi mwezi Septemba 2024. Uwezo wake ni zaidi ya mara tatu ya ule wa Nalubaale, bwawa la Jinja lililofunguliwa mwaka 1954.

Lakini njia ni kitu dhaifu kuliko inavyoonekana. Mwezi huo huo wa Septemba 2024 daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, lilifungwa kwa matengenezo kwa karibu miezi mitatu. Magari mengi ya kwenda Gulu, Arua na Sudan ya Kusini yalielekezwa kupitia Masindi na daraja jipya la Paraa. Laiti daraja hilo la Paraa lisingekuwako, safari ya kwenda Nile Magharibi ingekuwa ngumu zaidi. Tukumbuke pia mwezi Januari 2008, ghasia zilipozuka Kenya baada ya uchaguzi, reli ikang'olewa katika mtaa wa Kibera, Nairobi, na mafuta ya magari yakaadimika Kampala kwa siku chache tu baada ya hapo. Risasi haikupigwa ndani ya Uganda, lakini nchi ilihisi kama imebanwa koo. Nchi ya bara hulindwa pia mbali na mipaka yake, kwa ujirani mwema na kwa kuwa na njia zaidi ya moja.

Mpaka wenyewe, katika Bunyoro, umo majini. Hauna ukuta wala jiwe linaloonekana. Mwezi Agosti 2007 mfanyakazi wa kampuni ya kutafuta mafuta aliuawa katika mapigano ziwani, na nchi mbili jirani zikakaribia kugombana. Mwezi uliofuata marais wa Uganda na Kongo walikutana Ngurdoto, Tanzania, wakatia sahihi mapatano ya kutatua suala la mpaka kwa mazungumzo na kuyachunguza kwa pamoja mafuta yanayovuka mpaka. Doria ya ziwani, ambayo huenda ikaonekana kazi ndogo, inaweza kuwasha au kuzima jambo kubwa. Mvuvi aliyepotea njia usiku si adui, na mwanajeshi anayejua mpaka ulipo hasukumwi na hofu.

Linabaki suala la watu na ardhi, nalo ndilo lililo gumu. Kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta na mitambo mingine huko Kabaale, vijiji 13 viliondolewa, na watu zaidi ya 7,000 waliguswa. Wengi walichukua fedha. Wengine walichagua kujengewa nyumba, na walisubiri kwa miaka kabla ya kuhamia Kyakaboga. Njiani kwa bomba, maelfu ya wakulima wamepoteza ukanda wa shamba, ama migomba, ama kaburi la babu. Katiba ya mwaka 1995 inasema mambo mawili ambayo yote ni sheria. Kifungu cha 244 kinaweka mafuta yote mikononi mwa Serikali kwa niaba ya Jamhuri. Kifungu cha 26 kinasema kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali yake ila kwa fidia ya haki, ya kutosha na ya haraka, inayolipwa kabla mali hiyo haijachukuliwa. Mafuta ni ya taifa. Shamba lililo juu ya mafuta ni la mwenye shamba hadi alipwe.

Hali kadhalika, sheria ya fedha za umma ya mwaka 2015 inaagiza kwamba asilimia 6 ya mrabaha wa mafuta iende kwa serikali za wilaya zinazotoa mafuta hayo, na kwamba asilimia 1 ipewe taasisi ya kijadi inayotambuliwa. Kwa Bunyoro, sehemu hiyo inaweza kuwa madarasa, zahanati na visima vya maji, au inaweza kuwa semina na magari. Hilo litategemea madiwani, watumishi wa wilaya, na wananchi wanaouliza.

Na kwa askari, je? Askari atakutana na mambo haya yote kabla ya waziri kuyaona. Yeye ndiye atakayesimama kwenye kizuizi cha barabarani, na kila shilingi inayochukuliwa pale pasipo haki huongezwa na dereva juu ya bei ya gunia. Mwishoni hulipwa na mkulima, ambaye huuza kwa bei ndogo zaidi ili lori lipate kupita. Tukisema kwamba umbali ndio adui wa nchi ya bara, basi kizuizi kibaya ni kilomita nyingi zilizoongezwa juu ya barabara fupi. Yeye ndiye atakayetumwa kulinda kazi ya kuondoa watu katika ardhi. Yampasa ajue kama fidia imelipwa na kama pana amri ya mahakama, kwa kuwa akiyajua hayo ataweza kuwaeleza watu kwa utulivu, na asipoyajua atabaki na fimbo peke yake. Yeye ndiye atakayelinda bomba, na bomba lililozikwa ardhini kwa mamia ya kilomita haliwezi kulindwa na bunduki usiku na mchana kila mahali. Hulindwa na mwanakijiji anayetoa habari mapema kwa sababu anaamini kwamba kitu hicho kina faida naye.

Katika wakati wa Butiaba hakuna aliyewauliza watu wa Bunyoro njia ipite wapi, na njia ilipohama walibaki na magofu. Safari hii njia ni ndefu zaidi na mali ni kubwa zaidi, lakini muda ni mfupi. Barabara zimekwisha kufika chini ya genge. Kama zitapandisha juu samaki, chumvi, mahindi na watoto waendao shule hata baada ya mafuta kwisha, basi Bunyoro itakuwa imepata kile ambacho mafuta yenyewe hayawezi kuipa. Kama zitabeba mafuta tu, basi tutakuwa tumejenga Butiaba ya pili, yenye gharama kubwa kuliko ya kwanza.